Nafasi ya Nyuma ya Friji

Friji ya kwanza niliyoijua maishani ilikuwa ya mafuta ya taa, na ndiyo iliyomwondoa mama yangu Ruiru. Najua friji haina mdomo wa kumwambia mtu aondoke. Lakini waliokuwa na midomo wamekufa wote, nami nimebaki na hasira yangu, basi friji na ibebe lawama mpaka nifike mwisho wa habari hii.

Wajukuu wangu hapa Makongeni hucheka nikiitaja. "Shosho, moto utaletaje baridi?" Nawaambia kaeni kimya mnisikilize. Chini yake kulikuwa na tangi la bati la kutia mafuta, na juu ya tangi utambi, sawa na wa taa. Moto ulipasha bomba la mgongoni, na ndani ya mabomba kulikuwa na dawa iliyofungiwa kiwandani. Dawa ikichemka ilizunguka, na ikizunguka ilibeba joto la ndani na kulitoa nje. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa. Sikuelewa siku ile na sijaelewa mpaka leo, ila nilijua moto ukiwa wa buluu kuna barafu, na ukiwa wa manjano kuna masizi na matusi.

Friji hiyo ilikuwa katika jiko la mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Ruiru mjini. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ikimshuku kila Mkikuyu. Mpishi wa kwanza wa nyumba ile alikuwa Mkikuyu, akachukuliwa alfajiri na lori la askari, na mimi na mume wangu, Wabukusu kutoka magharibi, tukaletwa kujaza nafasi yake. Mwiko wake wa ugali ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari tulipoingia chumbani mwake. Niliutumia. Hakuna aliyeuliza mwenyewe amepelekwa wapi, maana kuuliza siku zile kulikuwa njia ya kwenda kumtafuta huko huko aliko.

Mume wangu akawa mpishi, nami yaya wa mtoto wa memsahib, mke wa mzungu. Kisha baba yangu akafa huko nyumbani, na mdogo wake akataka kumrithi mama pamoja na shamba. Huyo baba yangu mdogo alikuwa na mke tayari, na alikuwa amempiga mpaka sikio lake moja likafa. Mama akakataa kurithiwa. Akaambiwa, basi utoke kwenye ardhi yetu. Akapanda gari la moshi na furushi moja, akanifuata.

Memsahib alimpa kazi ya taa na ya kufua, na chumba kidogo nyuma ya stoo. Kazi hiyo ndiyo iliyompa kibali cha kukaa shambani. Kazi ikiisha na kibali kimeisha, na kibali kikiisha hakuna kwingine ila kwa yule mpiga masikio. Jambo hilo nililijua mimi, alilijua mama, na mume wangu alilijua vizuri kuliko anavyotaka Mungu aamini.

Sasa nieleze desturi, maana bila desturi hii hakuna kilichotokea. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawakai chini ya paa moja. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawaonani wakila. Si chuki, ni heshima. Anaiogopa sura ya mama mkwe kama mtu anavyoogopa kuona uchi wa mzazi. Haya hiyo huondolewa kwa mbuzi. Mkwe humleta, wazee hukaa, mbuzi huchinjwa, na tangu siku hiyo wanaweza hata kusalimiana kwa mkono. Mume wangu hakuwa amemleta mbuzi huyo. Kila mwaka alisema mwaka ujao.

Basi watu wawili wasioruhusiwa kuonana wakapewa jiko moja. Mume wangu alipika humo, na mama aliingia kila asubuhi na kila jioni kujaza mafuta na kukata tambi za taa zote, pamoja na utambi wa friji, kwa sababu memsahib alisema kitu chenye utambi ni taa, na taa ni kazi ya mama mzee. Wakabuni utaratibu wao. Mama alikuja na debe la mafuta, akaligonga mara mbili kwa funguo nje ya mlango wa nyuma. Mume wangu akisikia, aliacha alichoshika akatokea mlango wa pili, akasimama uani akiangalia miti ya kahawa mpaka agongewe tena. Mikate iliungua kwa sababu ya utaratibu huo, lakini heshima haikuungua.

Waliposemezana walipitia kwangu. Nilikuwa barabara yao. "Mwambie mama yako anakata utambi kama mtu anayekata sukuma wiki." Nazunguka nyumba na mtoto wa mzungu kiunoni, namfikishia. "Mwambie mwenye nyumba yako aache kutia supu ya moto kwenye sanduku la baridi." Nazunguka tena. Walinichosha, na mara nyingine nilichekea njiani, kwa sababu hao wawili walipendana kwa namna yao na hawakuwa na namna nyingine.

Shida ni kwamba utaratibu ule ulikuwa na tundu. Mume wangu alikuwa na haraka ya wapishi. Akishaagizwa kahawa na memsahib, aliingia jikoni mbio bila kukohoa, na mama hakuwa mwepesi wa miguu. Kwa hiyo mama, bila kumwambia mtu, akafanya jambo. Aliisukuma friji kidogo kidogo upande mmoja, mpaka pembeni mwa ukuta ikapatikana nafasi ya mtu mwembamba kujipenyeza. Akisikia viatu, aliingia nyuma ya friji akasimama.

Nilimkuta humo mara moja. Mume wangu alikuwa amekaa mezani anamenya viazi kwa raha zake, anapiga mluzi wa nyimbo za kanisani, na mimi nikaona ncha ya gauni la mama ikichungulia nyuma ya friji. Nikamtuma mume wangu nje kuchota maji. Mama alipotoka, mgongo wa gauni ulikuwa umeungua ukawa rangi ya chai, na ngozi chini yake imebabuka. Bomba la moto lilikuwa pale pale mgongoni mwake. Alikuwa amesimama akichomeka muda wote wa viazi bila kusema hata ah.

"Mama, ungetoka tu," nilimwambia nikimpaka samli.

"Nitoke mkwe wangu anione nimebanwa nyuma ya kabati kama panya? Heri ya moto, mwanangu."

Siagi ndiyo iliyotoa habari kwanza. Asubuhi moja ililetwa mezani ikiwa mafuta. Memsahib hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele, na hilo ndilo lililotisha. Alimwita mume wangu, akainamisha sahani taratibu, akamimina siagi yote kwenye sakafu ambayo mume wangu alikuwa ametoka kuisugua. "Panguza," akasema, akaendelea kula mkate. Kesho yake nyama ya ng'ombe ikanuka. Akamwita mama, akamsukumia sahani puani.

"Wewe mama, hii kazi yako. Wewe naozesha, wewe nakula."

Akaagiza mama apewe nyama ile iwe posho yake ya juma, na asipewe nyingine. Mama aliipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea kila kitu, akaizika nyuma ya kamba za nguo. Juma hilo alikula ugali na chumvi. Mbwa wa nyumba wakaifukua nyama, na memsahib akamtoza mama maneno mengine kwa ajili ya mbwa.

Kisha akatoa hukumu. Jumapili kulikuwa na wageni, wazungu wenzao kutoka mashamba ya Thika na Ruiru, na kulikuwa na vitu vyao vya kugandishwa ambavyo mume wangu alifundishwa kuvipika na hakuwahi kuvionja. "Kama friji hapana baridi mpaka Jumapili," akasema, "mama nakwenda kwao." Alisema huku akimfunga mtoto kofia. Mtoto alikuwa mikononi mwangu.

Nimtendee haki mume wangu hapa, maana baadaye sitaweza. Alihangaika. Alitoa dohani akaisugua masizi kwa brashi mpaka ikang'aa. Alitia utambi mpya, akaukata pembe zake ili moto usitoe ndimi, akangoja. Moto ukawaka buluu, umetulia, wa kupigiwa mfano. Ndani ya friji, joto la jikoni. Memsahib akaja na kipande cha gazeti, akakifunga mlangoni na kukivuta. Gazeti likashikwa barabara, kumbe mpira wa mlango ulikuwa mzima. Moto mzuri, mlango mzuri, baridi hakuna. Mume wangu akanitazama kwa macho ya mtu aliyeishiwa. "Mwambie mama yako," akasema, akaishia hapo, akaichukua brashi tena.

Akaitwa fundi kutoka Thika. Alikuwa Mhindi wa makamo, amekuja peke yake na gari lenye ngazi juu. Alivua koti, akalitundika, akaulizia chai kabla ya kazi, hakupewa. Akatazama moto, akatikisa kichwa kuukubali. Akapapasa mabomba ya nyuma, juu yana moto, katikati hayana kitu. Halafu akatoa pima maji mfukoni, akailaza juu ya friji. Kitone cha hewa kilichomo ndani ya kioo chake kikakimbia mpaka ukingoni kikakwama.

"Aa," akasema. "Hii nasimama upande."

Akapiga magoti. Mguu mmoja wa friji ulikuwa umeshuka kutoka kwenye kabari ya mbao iliyowekwa tangu zamani, na sakafuni kulikuwa na mikwaruzo ya kuburutwa. Akaeleza polepole kwamba friji ya namna hii haina mashine ya kusukuma dawa. Dawa inateremka yenyewe, kama maji mferejini. Ukiiinamisha inatuama mahali pamoja, inalala. Hii imelala muda mrefu. Kuinyoosha tu hakutaiamsha.

"Nani nasukuma?" memsahib akauliza.

Mume wangu akasema si yeye. Ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa nimeshajua tangu mikwaruzo, nikajishughulisha na kofia ya mtoto. Lakini dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na mama alikuwa uani anaanika shuka. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, ila hicho alikielewa.

"Ni mimi," akasema kutoka nje.

Nikaambiwa nimtafsirie sababu. Nilitafuta maneno ya kuiremba, sikuyapata, nikaieleza ilivyo. Kwamba mama anajificha. Kwamba huyu mpishi ni mkwe wake, na kwetu hawatazamani, basi anaingia nyuma ya friji mpaka apite. Memsahib akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha jikoni alichokuwa hakikalii, akajifuta macho kwa aproni yake, ambayo mfukoni mwake alificha bastola siku hizo za hofu. Fundi hakucheka. Aliifunga pima maji yake katika kitambaa akasema hata kwao mwanamke hufunika kichwa mbele ya baba mkwe.

Dawa ya friji iliyolala, fundi akasema, ni kuipindua. Inasimamishwa kichwa chini usiku mzima, dawa inamwagika inajichanganya, kesho inarudishwa juu, inawashwa. Ila friji hii ni nzito, chuma tupu; yeye atashika kichwa, na anataka watu wawili wenye nguvu wa kushika chini, mmoja kila upande.

Wanaume walijaa shambani, lakini wote walikuwa Wakikuyu, na memsahib alikuwa ameapa kwamba hakuna Mkikuyu atakayevuka kizingiti chake. Bwana, mume wa memsahib, alikuwa kwenye mashine za kahawa. Nikasema, memsahib, mimi nina nguvu, nishikie mtoto kidogo nibebe. Akanyoosha kidole.

"Kazi yako iko toto. Mama iko mikono. Mama nasukuma, mama nabeba."

Mume wangu akarudi nyuma mpaka akagusa jiko. "Memsahib, hapana," akasema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwambia mzungu hapana. "Hapana weza. Huyu iko mama yangu."

"Kama iko mama yako, nasaidia wewe," akajibu, na akacheka tena.

Mama aliingia. Alikuwa amekivuta kitambaa cha kichwa mpaka kimefunika uso wote hadi kidevuni, anatembea kwa kupapasa ukuta. Akafika kwenye friji, akainama, akashika upande wake. Mume wangu akashika wa kwake. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo, kwa sababu friji ilikuwa ndefu na imesimama katikati yao kama ukuta wa nyumba, na mtu wa huku hakumwona wa kule. Nikafikiri labda itapita hivyo.

Memsahib akasogea, akakishika kitambaa cha mama kwa vidole viwili, akakivuta kikatoka. "Utaona namna gani?" akasema. Akakitupa begani mwa mama. Nywele za mama zilikuwa zimeanza mvi, na nilikuwa sijawahi kuziona mbele ya watu.

"Polepole," fundi akasema. "Inua. Lala yake upande, halafu geuza."

Wakainua. Fundi akaanza kuivuta kichwa kuelekea chini, na ukuta ule ukaanza kushuka. Ulishuka ukapita utosi, ukapita macho. Sikuwahi kufikiri kitu hicho kabla hakijatokea: kwamba friji ikilala haimfichi mtu. Mume wangu akainua uso kutafuta pumzi, na mama alikuwa pale, kichwa wazi, urefu wa mkono mmoja kutoka kwake. Walitazamana.

Mama akafanya alichofundishwa tangu utoto. Akajifunika uso kwa mikono yake yote miwili.

Sauti ya friji ikianguka si kubwa kama mtu anavyodhani. Sauti niliyoisikia ni ya mume wangu. Ukingo wa chini ulikuwa umetua juu ya mkono wake wa kulia, juu ya sakafu ya mawe. Fundi akapiga kelele kwa Kihindi, akaingiza bega, akainyanyua, na mume wangu akautoa mkono. Vidole viwili vya mwisho havikuwa na umbo tena. Mtoto wa mzungu alianza kulia masikioni mwangu.

"Imevunjika?" memsahib akauliza. Fundi akadhani anauliza mkono, akasema ndiyo, imevunjika. "Hapana mkono! Friji!" Fundi akamwangalia, akainama, akapapasa mabomba. Akasema friji ni nzima.

Damu ilikuwa inatoka kwa kuruka. Mume wangu amekaa chini, anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Hapo ndipo mama alipovuka. Alikichukua kile kitambaa kutoka begani, akapiga magoti mbele ya mkwe wake, akamkamata kifundo cha mkono, akafunga. Alifunga kwa nguvu ya mtu aliyefunga nira na vitovu vya watoto maisha yake yote, duru juu ya duru, na meno yake akayatumia kukaza fundo. Mume wangu alikuwa anamsukuma kwa miguu. "Asiniguse! Mwondoeni! Asiniguse!" Mama hakumwachia mpaka damu ikasimama. Kisha akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma akiangalia chini, na asingefunga vile mume wangu asingefika Thika akiwa hai. Daktari mwenyewe alisema hivyo hospitalini walipovikata vile vidole.

Friji ilikaa kichwa chini usiku ule. Asubuhi fundi akarudi, akaja na ndugu zake wawili, wakaisimamisha juu ya kabari zake, kitone cha hewa katikati kabisa. Nikawasha utambi mimi. Kufikia jioni mabomba ya ndani yalikuwa yameota ukungu mweupe, na memsahib akatia kidole akakirudisha haraka akitabasamu kama msichana. "Sasa iko sawa," akaniambia. "Ambia mama yako nakaa. Kazi yake iko."

Nilikimbia. Nilikimbia na mtoto mgongoni mpaka stoo, nikamwambia mama umebaki, kibali kipo, friji imepona. Alikuwa amekaa kitandani na furushi lake limekwisha kufungwa. Akaniambia, "Huyo si mwenye kuniambia nibaki, mwanangu." Nikaona uzee umemletea ujinga wa bure, nikamkemea.

Mume wangu alirudi kutoka Thika na bwana, mkono umefungwa bandeji kama kichwa cha mtoto. Bwana hakuwa mtu mbaya kupita wengine; aliona haya, akaamuru apewe mbuzi mmoja wa shamba kuwa pole ya vidole. Mbuzi akafungwa nje ya mlango wetu, dume zuri, jeusi lenye kidevu cheupe. Nilipomwona nilicheka kwa furaha. Nilidhani Mungu ametuma. Nikamwambia mume wangu, mbuzi wa kuondoa haya ndiye huyu, tumchinje, mzee wa kwetu anayefanya kazi Thika kiwandani aje asimame mahali pa wazee, mambo yaishe.

Akautazama mkono. Ulikuwa unatetemeka kwa maumivu, lakini kwetu husemwa mama mkwe akikugusa kabla ya mbuzi mwili wako hutetemeka mpaka kaburini, na nilimwona anahesabu kutetemeka kule.

"Mbuzi wa haya hutoka kwenye zizi la mkwe," akasema. "Hatoki kwa mzungu aliyecheka."

"Amekuokoa."

"Ameniona. Ameniacha nikavunjika, halafu amenishika mbele ya watu nikilia. Shamba hili halituchukui wawili."

"Atakwenda wapi?"

"Kwa mdogo wa baba yako. Ana nyumba huko."

Alisema nyumba. Alijua nyumba gani. Shukrani ya punda ni mateke, wazee walisema, nami niliyasikia mateke hayo moja moja. Nilimtukana siku ile matusi ambayo mke wa kwetu hamtukani mumewe. Nilimwambia vidole viwili havitoshi, friji ingekata mkono wote. Hakunipiga, labda kwa sababu ya mkono. Nimeishi naye mpaka akafa, nikamzalia, nikamzika kwa heshima zote, na sijamsamehe.

Lakini kilichonivunja si yeye. Nilikwenda kwa mama nikidhani tutalia pamoja, tumlaani pamoja. Akasema, "Ana haki." Hakusema kwa uchungu. Aliamini. Akufukuzaye hakwambii toka, na mama alikuwa amejifukuza kabla hajafukuzwa, tangu pale alipoondoa mikono usoni akaona damu.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumapili ya wageni. Mume wangu alikuwa jikoni. Hakutaka kuachia mtu mwingine jiko lake, akawa anapika kwa mkono wa kushoto. Mbuzi alikuwa amechinjwa asubuhi, nyama iko mezani. Njia ya kutokea stoo hupita mlango wa nyuma wa jiko. Mama akaja na furushi kichwani. Alipofika pale alisimama, akaliokota debe la mafuta lililokuwa ukutani, akaligonga mara mbili kwa pete yake ya bati, kwa kuwa funguo alikwisha kuzirudisha.

Mume wangu aliacha kisu. Akatoka kwa mlango wa pili, akasimama uani na mgongo wake kwetu, akiangalia miti ya kahawa. Mama akaliweka debe chini taratibu, akapita. Hiyo ndiyo kwaheri waliyoagana.

Nilimsindikiza mpaka stesheni ya Ruiru. Askari alitusimamisha njiani akakagua kibali chake, ambacho kilikuwa bado hakijaisha, akamwuliza kwa nini anaacha kazi na kibali anacho. Mama hakumwelewa, na mimi sikumtafsiria. Gari la moshi lilipokuja akanishika shavu. "Kidonda kikikauka mpake samli," akasema, "ngozi isivute." Nikafikiri anasema mgongo wake. Baadaye ndipo nilipoelewa anasema mkono wa yule mtu. Sikumwona tena. Mtu wa kwetu aliyepita kijijini mwaka uliofuata alituletea salamu zake, akasema mama yako ni mzima, ila siku hizi ukimsemesha inabidi uzunguke upande wa sikio la pili.

Nilirudi kutoka stesheni jua likielekea kuchwa. Wageni walikuwa barazani wanakunywa, vipande vya barafu vinagonga gilasi. Memsahib alikuwa na furaha, akaniambia mpishi amepewa ruhusa kuweka nyama yake ndani ya friji, jambo ambalo hajapata kumruhusu mtu mweusi. Nikaingia jikoni, nikafungua. Mapaja ya mbuzi yalikuwa chini kwenye karai, baridi, safi, bila hata nzi. Nyama ilikaa humo juma zima, na mume wangu aliila yote, haikuoza.

Nikafunga mlango, nikapita upande kuangalia moto, kwa kuwa kazi ya utambi sasa ilikuwa yangu. Ulikuwa wa buluu. Fundi alikuwa ameisimamisha friji sawasawa, ameisogeza mpaka karibu na ukuta na kuacha upana wa kiganja tu, wa moshi kupita. Niliingiza mkono wangu nikapima. Mtu hakuingia hapo tena.